Yai la Kupimia

Mama alikwenda kazini na yai.
Si la kula. Alilifunga kwenye pindo la kanga,
mbali na fundo la hela,
akatembea kutoka Magomeni mpaka Nunge
polepole, kama mtu aliyebeba siri ya jirani.

Mimi nyuma, karai kichwani, miaka tisa,
umri ambao swali halitozwi ushuru:
Mbona kijiko kinazama
na karai, chuma kile kile, tena zito mara ishirini,
linaelea mferejini limejishika kiuno?

"Karai limebeba upepo," akasema.
Hatua kumi kimya. Halafu:
"Ukiingia majini, kuna maji yanahama kukupisha.
Wewe na yaliyohama mnatiwa kwenye mizani moja.
Ukiyazidi, shuka.
Yakikuzidi, yatakubeba, yapende yasipende.
Kijiko kimehamisha funda. Karai limehamisha mtaa."

Jaruba la kwanza, maji mabichi ya bahari:
yai lilizama, likalala ubavu.
La pili, ambalo jua lilikuwa limeshalinywa nusu:
yai likasimama kwa ncha,
mtoto anayejinyoosha kuchungulia dirishani.
La tatu likapanda, likatoa utosi
wa duara la shilingi ishirini.
"Hapo," mama husema. "Fungulia."

Yai halikuongezeka, halikupungua.
Ni maji yaliyonenepa.

Sasa, msimamizi Mwishehe naye alikuwa na yai lake.
Alilitunza ofisini kwenye kopo la maziwa
tangu Rajabu, na Mfungo Mosi ulikuwa unaisha.
Juma lile mawingu yalikaa siku nne.
Yai la mama, jaruba la tatu, liligoma kupanda.
La Mwishehe likaelea kama boya.
"Kuku wako anakula kokoto, Mama Kibwana,"
akasema, watu wakacheka, mkono wake uko kwenye mlango wa mfereji.

Mama hakubishana. Aliomba ndoo,
ndoo ya maji ya kisima, yasiyo na chumvi hata ya kuonjea.
Akatia lake: likaenda chini, tuli.
Akatia la Mwishehe:
likarudi juu, likainamisha kichwa upande
kama mtu aliyeitwa jina lake msikitini bila kutarajia.

"Ukiona vyaelea vimeundwa," mama akasema.
Akalitazama tena.
"Na vingine, bwana, vimeoza."

Aliyelipasua simtaji.
Harufu ilimfuata Mwishehe mpaka Ijumaa.

Miaka sita baadaye, mwalimu Mkwizu
aliandika ubaoni neno *densiti*,
akachora boksi, mishale miwili, mmoja juu mmoja chini,
na darasa zima likanukia matope ya Nunge, kwangu peke yangu.
Akatueleza kwamba ganda la yai lina vitundu,
kwamba maji ya ndani hutoka kidogo kidogo na hewa ikahamia,
yai likabaki na sura ile ile, uzito ukaondoka.
Nikaandika. Sikunyoosha mkono.

Mpaka leo nikinunua mayai natafuta bakuli.
Yanayolala chini, nayalipia.

Lakini ninalolikumbuka zaidi si yai.
Ni alasiri moja, mshahara umechelewa mwezi wa pili,
wenzake wameshaondoka,
mama, ambaye hakuwahi kujua kuogelea,
aliingia kwenye birika la maji mazito, kina cha mapaja,
akakaa, akajilaza, kanga ikavimba pembeni.
Vidole vya miguu vikatokeza. Kisha magoti. Kisha tumbo.
Chumvi ilimuuma kwenye nyufa za visigino, nilimwona akikunja uso,
na bado hakuinuka.

"We mtoto," aliniita, masikio yake yakiwa majini,
kwa hiyo alipaza sauti kuliko ilivyohitajika,
"hebu nitazame vizuri uniambie:
nimeundwa, au nimeoza?"